MHUNZI NA MKONO UTAKAOSHIKA CHUMA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayefuata njia yao kwa wema.



Ijumaa chache zilizopita, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni, mzee mmoja alibaki amekaa kwenye mkeka. Ni fundi wa chuma hapa hapa Kasulo. Jina lake tunaliacha, maana aliuliza kwa ajili ya akhera yake, si kwa ajili ya kusifiwa wala kusengenywa. Alisema: "Mimi siuzi vitu vya dukani. Mtu anakuja, ananiambia anataka nini, ninamtengenezea. Sasa chuma kikitoka mkononi mwangu kikaenda kudhulumu, Allah ataniuliza mimi, au atamuuliza aliyekinunua?"

Tulimwomba atupe muda. Kadiri tulivyolifikiri swali lile, ndivyo tulivyoona kwamba si lake peke yake. Katika mtaa huu ambao kila mtu anaishi kwa kitu kinachotoka chini ya ardhi, ni wachache wetu wanaoweza kusema haliwahusu.

KAZI YENYEWE

Kwanza tuijue kazi ya mtu kabla ya kuihukumu. Mzee wetu alijifunza chuma katika karakana za Gécamines. Mwaka 2003 kampuni ile ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, naye alikuwa miongoni mwao. Alirudi nyumbani na ujuzi mikononi, akajenga kibanda cha mabati, akaweka kipande cha reli kiwe fuawe yake, na gurudumu la baiskeli la kuzungushia feni, mahali pa mivukuto ya ngozi waliyotumia wazee.

Chuma chake ni springi za malori yaliyokufa. Anakitia kwenye makala mpaka kiwe chekundu cha kuelekea njano, anakifua, anakirudisha motoni, anakifua tena. Kikishapata umbo anakizima ndani ya maji au oili chakavu. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Chuma kilichozimwa tu kinakuwa kigumu lakini hakina uvumilivu: kikigonga jiwe kinavunjika, na kipande kinaweza kuruka kikamtoa mtu jicho. Kwa hiyo anakipasha tena moto kidogo, akitazama rangi ikipita juu ya makali, na ikifika rangi ya majani makavu anakitoa. Kazi hiyo haionekani kwa mnunuzi. Fundi akiiruka, shoka litang'aa vile vile siku ya kulichukua. Ni Allah na fundi tu wanaojua.

Halafu kuna mpini. Kabla ya kuuchonga, mzee humwambia mteja: "Nipe mkono wako." Anaupima kiganja. Anamtazama urefu. Anamuuliza: "Ya kazi gani?" Shoka la kuangushia mti si shoka la kupasulia kuni, na panga la mtu wa mkono wa kushoto si la mtu wa mkono wa kulia. Fundi asiyeuliza hawezi kutengeneza kitu cha kumfaa mtu. Ndugu zangu, lishikeni neno hili, maana jibu la swali la mzee limo humo.

HESHIMA YA KAZI HII

Wapo wanaowadharau wahunzi kwa sababu ya moshi na mikono myeusi. Huo ni ujinga. Qur'ani tukufu ina sura nzima yenye jina la chuma, Suratul Hadid, na katika aya yake ya 25 Allah anatueleza kwamba chuma alikiteremsha Yeye, kina nguvu kali na kina manufaa kwa watu. Tazama, ukali na manufaa vimetajwa pamoja. Katika Surat Saba (aya ya 10 na 11) tunaambiwa kwamba Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze mavazi ya vita na apime vizuri pete zake. Nabii, tena mfalme, lakini Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba Daud alikula kwa kazi ya mikono yake.

Mtume mwenyewe (s.a.w.) mwanawe Ibrahim alilelewa katika nyumba ya mhunzi wa Madina aliyeitwa Abu Sayf. Anas (r.a.) amesimulia kwamba walipokwenda kumtazama mtoto, nyumba ilikuwa imejaa moshi, naye Anas akatangulia mbio kumwambia Abu Sayf asimamishe mivukuto kwanza, Mtume anakuja. Akaingia, akamchukua mwanawe, akambusu. Basi nyumba ya moshi iliyomlea mtoto wa Mtume ni nyumba ya kudharauliwa?

Na katika ardhi yetu hii kazi ya chuma na shaba ni ya zamani kuliko Union Minière iliyokuja mwaka 1906. Ukishuka na mto Lualaba hadi bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta makaburi ya zaidi ya miaka elfu moja ambamo wakubwa walizikwa na mashoka ya heshima. Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa mali na fedha kabla ya franga kujulikana. Mashoka ya Wasongye, ambayo mipini yake hufungwa shaba, leo yako katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Hayakutengenezwa kukata kitu. Aliyeyabeba alijulikana kuwa ana neno la kusikilizwa.

ODA TATU

Mzee alitueleza kwamba katika mwezi mmoja aliletewa oda tatu.

Ya kwanza ilikuwa shoka la mzee wa ukoo, dogo, lenye mpini wa kufungwa waya wa shaba, la kushikwa kwenye mahari na kwenye msiba. Alilitengeneza kwa furaha.

Ya pili ililetwa na kijana anayelinda shimo usiku. Alitaka panga. Mzee akamuuliza la kazi gani, kijana akasema la kufyekea nyasi. Kisha akaeleza anavyolitaka: refu, makali pande mbili, na ncha mbele. Mzee akanyamaza. Nyasi hazihitaji makali pande mbili. Nyasi hazichomwi kwa ncha. Kijana alitaja panga, lakini maelezo yake yalikuwa ya upanga, na upanga ni wa mwili wa mtu.

Ya tatu ililetwa na mtu mzima, mwenye heshima zake, anayegharimia mashimo. Alitaka tindo 6, vile vyuma vya kupasulia mwamba, na nyundo zake. Mzee akaomba mkono apime. Yule bwana akacheka, akasema: "Hapana wangu, papa. Ni za batoto. Ufanye nyepesi." Akaweka mezani malipo ya kwanza, nusu ya bei.

Tangu mwaka 2014, ilipojulikana kwamba chini ya nyumba za Kasulo kuna kobalti, sote tunajua maana ya maneno hayo. Watu walichimba uani, sebuleni, hata vyumba vya kulala. Mwaka 2017 serikali ya mkoa ilitangaza kwamba sehemu ya mtaa itakuwa eneo maalumu la wachimbaji. Wakaazi wakahamishwa, ukuta ukajengwa, na kampuni ya Congo Dongfang Mining ikapewa haki ya kununua madini ya mle ndani. Lakini nje ya ukuta majirani waliendelea kuchimba. Kanuni za madini zinasema shimo la mchimbaji wa mkono lisipite mita 30, na sheria ya madini ya mwaka 2002 inatoa kadi ya uchimbaji kwa mtu mzima tu. Kila mmoja wetu ameona mashimo yanayopita kipimo hicho, na kila mmoja ameona mikono midogo.

WANAVYUONI WAMESEMA NINI

Swali la mzee si jipya. Imam Bukhari ameweka mlango katika kitabu chake juu ya kuuza silaha wakati wa fitna, na akataja kwamba Sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alichukia jambo hilo. Imam Shafii, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki na huku Kongo tunafuata madhehebu yake, alilitazama kwa uadilifu wa pande zote. Aliona kwamba ni karaha kumuuzia upanga mtu unayemdhania atadhulumu nao, lakini hakulivunja biashara lenyewe, kwa sababu huenda mtu yule asiue. Wanavyuoni wa madhehebu yake waliokuja baadaye wakafafanua: ukiwa na shaka, ni karaha; ukiwa na yakini, ni haramu. Na Imam Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali alikuwa mkali zaidi. Kwake, kumuuzia silaha mnyang'anyi wa njiani ni sawa na kumuuzia maji ya zabibu mtu atakayeyafanya pombe, na biashara ya namna hiyo ni batili.

Mnaona, ndugu zangu, hitilafu yao haiko kwenye chuma. Iko kwenye kiasi cha kujua. Wote wanauliza: muuzaji alijua nini, saa ile anapokea pesa?

Hapa ndipo mhunzi wa kuagizwa anapoachana na mwenye duka. Mwenye duka ana mapanga mia ukutani. Anayeingia anachagua, analipa, anatoka. Mwenye duka anaweza kusema kwa haki kwamba hajui mkono utakaolishika. Mhunzi hawezi. Yeye ameupima mkono huo. Ameuliza ya kazi gani, na jibu amelitia ndani ya chuma, katika urefu, uzito na makali yake. Ujuzi ule ule unaoifanya kazi yake iwe nzuri ndio unaomfanya awe shahidi. Hawezi kuutumia kwenye mpini kisha akaukana mbele ya Mola wake.

Kwa hiyo tulimjibu hivi: Baba, hutaulizwa juu ya kila atakachofanya mtu na chuma chako baada ya miaka, kwa sababu hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Utaulizwa juu ya ulichokijua ulipokuwa na nyundo mkononi. Na utaulizwa juu ya ulichoweza kukijua ukaogopa kuuliza. Kijana aliposema nyasi na maelezo yakasema mtu, kumwamini kwa ulimi wake peke yake hakukuwa dhana njema. Kulikuwa ni kufumba macho ili pesa ipite.

HOJA ZA NAFSI

Mzee alikuwa na hoja, nazo si za kubezwa.

Ya kwanza: "Nikikataa mimi, fundi wa pili atatengeneza." Ni kweli, huenda akatengeneza. Lakini Siku ya Kiyama hatutaulizwa kama dhuluma ilikwisha duniani. Kila mtu ataulizwa juu ya mkono wake. Isitoshe, hoja hiyo hiyo fundi wa pili naye anaisema, na wa tatu. Wote watatu wakiitumia, hakuna aliyelazimishwa na mtu, na tindo za watoto zimepatikana.

Ya pili: "Chuma hakina dhambi." Ni kweli pia. Panga la kukatia ndizi ndilo lililoua Rwanda mwaka 1994, ambako watu laki kadhaa waliuawa katika muda wa siku mia moja hivi, wengi wao kwa mapanga. Mkulima aliyenunua panga lake miaka kumi nyuma hana swali la kujibu, wala aliyemuuzia. Lakini mwaka 1993 mapanga yaliingizwa nchini humo kwa wingi usio wa kawaida, na waliokuwa wakijua ni ya nini hawawezi kujificha nyuma ya chuma. Wala tusiwanyooshee kidole majirani tu. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka mwaka huo huo wa 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao wakalala stesheni wakingoja gari la moshi. Mtume (s.a.w.) alikataza hata kupokezana upanga ukiwa nje ya ala, na akatuonya juu ya kumwelekezea ndugu chuma hata kwa mzaha. Ikiwa kuuelekeza kwa mchezo kumekatazwa, itakuwaje kuunoa kwa aliyekusudia?

Ya tatu ndiyo nzito: "Watoto wangu nao wanakula." Hapo hatukuwa na la kumwambia kwa haraka. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumfundisha mwenye njaa ucha Mungu. Tulimkumbusha tu habari ya mhunzi mwenziwe, Khabbab bin al-Aratt (r.a.). Khabbab alikuwa fundi wa panga Makka. Alimtengenezea upanga al-As bin Wail, mkubwa wa Makureshi, akaenda kudai ujira wake. Al-As akamwambia hamlipi mpaka amkane Muhammad. Khabbab alikuwa maskini, na pesa ile ilikuwa haki yake, jasho lake. Akakataa. Al-As akamfanyia kejeli kwamba basi atamlipa huko akhera, akishapewa mali na watoto, na hapo zikashuka aya za Surat Maryam (kuanzia ya 77) kumjibu. Mhunzi yule aliacha ujira wa halali ili asiuze kilicho kikubwa kuliko ujira. Je, sisi hatuwezi kuacha ujira wenye shaka?

MALIPO YA KWANZA

Lakini mzee alikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema mbele ya watu. Malipo ya kwanza ya zile tindo 6 alikwisha kuyatumia. Nusu ilikuwa makala, nusu ilikuwa ada ya shule ya mjukuu wake. Ndugu zangu, fikirini. Mtoto mmoja alibaki darasani kwa pesa ya vyuma vya kuwashusha watoto wengine shimoni. Mzee aliliona hilo kabla yetu, na ndilo lililomkalisha kwenye mkeka.

Tulimwambia: pesa ile sasa ni deni, na deni hulipwa hata kwa mtu usiyependa biashara yake. Usimdhulumu kwa sababu yeye anadhulumu. Wala usimtengenezee tindo mbovu za kuvunjika ili akome, maana kipande kitakachoruka hakitaingia jicho lake yeye. Kitaingia jicho la mtoto. Mwambie wazi kwamba hutatengeneza, na mwahidi siku ya kumrudishia.

Alikwenda. Amerudisha nusu, na nusu bado anadaiwa. Kijana wa usiku alitengenezewa panga la makali upande mmoja, bila ncha, kwa mpini wa kiganja chake, alinung'unika, akalichukua. Mwenye mashimo alizipeleka tindo zake kwa fundi mwingine, kama mzee alivyotabiri. Hatuwezi kuwaambia kwamba watoto wale wameacha kushuka. Tunaweza kuwaambia tu kwamba hawashuki na chuma cha mzee.

NA SISI JE?

Msiondoke mkidhani leo alisemwa mhunzi. Mwenye parseli anayekodisha ua wake anajua ni nani watakaoshuka, maana anawapikia. Anayepima mawe kwenye mizani anaona urefu wa aliyeleta gunia. Mwenye pikipiki anajua amebeba nini usiku. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka nchini kwetu, ikaingia katika betri za simu na za magari, na wakubwa wa mbali husema njia ni ndefu, hawawezi kujua kila kitu. Huenda. Sisi njia yetu si ndefu. Ni uchochoro. Sisi tunajua majina ya watoto wale, tumewaona madrasa, na wiki wasipokuja tunajua wako wapi.

Kwa hiyo tunaombana mambo matatu:

1. Kila mwenye kazi aulize, "Ya kazi gani?", na akishasikia jibu asijifanye hakulisikia.

2. Anayeacha pato kwa kumwogopa Allah asiachwe peke yake. Deni la mzee lililobaki si kubwa. Anayetaka kuchangia amwone mweka hazina wa msikiti baada ya swala, na kisitajwe kilichotolewa wala aliyetoa.

3. Mwenye shamba, mwenye kuni, mwenye jiko, ampelekee mzee oda ya shoka, jembe au kisu. Haitoshi kumsifu fundi kwa kukataa kazi mbaya, kisha tukaenda kununua majembe yetu kwingine.

Ewe Mola wetu, uliyemlainishia Daud chuma, zilainishe nyoyo zetu. Tupe riziki ya halali itutosheleze na haramu. Walinde watoto walio chini ya ardhi saa hii, na warudishe juu salama. Tusamehe tulichojua tukanyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Allah na Mitume. Usiitupe ovyo. Ukishaisoma, mpe mwenzio.)